Eti "mtoe huyo anayeingilia"

Wiki mbili zilizopita nlikuwa na kazi ya kunukuu, yaani unapewa rekodi ya mahojiano, unavaa hedfoni unaandika kila kinachosemwa, na nikiri tu inachosha kuliko inavyolipa maana rekodi ya dakika kumi na mbili inaweza kukula asubuhi nzima ukitaka kuifanya vizuri. Rekodi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja wa uswahilini huku Dar anaulizwa mambo ya maji, katikati jirani yake akapita akaona watu wamekaa na yeye akavuta kigoda, basi mahojiano yakageuka maongezi. Nikamaliza nikatuma. Jioni aliyenipa kazi akanirudishia faili na komenti moja: "Huyu anayeingilia ingilia mtoe, abaki mhojiwa tu. Na hizo eeh na mh zote safisha."

Safisha. Kama vile nimemletea sahani chafu.

Hebu tuangalie kipande chenyewe (vitu vidogo vidogo nimebadili asijulikane mtu). Mama anaelezea ugomvi wake na fundi bomba:

Mama: Sasa si nkamwambia
Jirani: Enhe
Mama: nkamwambia we fundi, mi hiyo hela sitoi
Jirani: Mh!
Mama: Sitoi. We si ulisema elfu kumi?
Jirani: Si ndo alisema!
Mama: Alisema, tena mbele ya nanihii, baba nani huyu, wa
Jirani: wa pale kwenye mkaa
Mama: eeh huyo huyo. Saizi kashanifungia bomba, anakuja eti
Wote wawili: elfu kumi na tanoo!
Jirani: Thubutu!

Sasa nkaisafisha kama nlivyoambiwa, ikatoka hivi: "Nilimweleza fundi kwamba sitalipa kiasi hicho kwa kuwa awali tulikubaliana shilingi elfu kumi mbele ya shahidi, lakini baada ya kumaliza kazi alidai shilingi elfu kumi na tano." Hakuna uongo hapo, Kiswahili kimenyooka, unaweza kuipeleka serikali ya mtaa ikagongwa muhuri. Ila angalia kilichopotea. Huyo shahidi nani kamtaja? Mama alishakwama kwenye "baba nani huyu", aliyemtoa kwenye mkwamo ni jirani. Na hiyo elfu kumi na tano jirani kaijuaje kabla haijatajwa mpaka wakaitamka pamoja kama kwaya? Maana yake hadithi hii ilishasimuliwa, labda mara tatu nne, bei za yule fundi zinajadiliwa mtaa mzima, na hapo wale wamama wawili walikuwa wanamsimulia mgeni mwenye rekoda hadithi wanayoijua wote. Mtafiti wa maji anayetaka kujua watu wanapataje habari za mafundi, jibu lilikuwa hapo, akasema lisafishwe.

Mi hoja yangu ni moja tu na nitaizungushia makala nzima: maongezi ni kazi ya watu wawili, maandishi ni kazi ya mtu mmoja aliyeachwa peke yake, na vile tunavyoviita uchafu wa maongezi, enhe, mh, nanihii, si unajua, yaani, ndo vifaa vya hiyo kazi ya wawili. Ukivitoa hujaisafisha lugha, umemtoa mtu mmoja chumbani.

Kuna mwanamke mmoja Mmarekani, Gail Jefferson, ambaye mi namchukulia kama dada yangu wa kazi kwa sababu na yeye alianzia kwenye kuchapa rekodi. Mwaka 1963 aliajiriwa kama karani mchapaji kwenye chuo kikuu kule Los Angeles, kazi yake kuandika mafunzo ya askari magereza yaliyorekodiwa. Miaka miwili baadae akaingia darasa la Harvey Sacks, jamaa ambaye alikuwa anachambua simu za watu waliokuwa wanapiga kwenye kituo cha kuzuia watu wasijiue, na huyo dada badala ya kusafisha akafanya kinyume, akaandika kila kitu, pumzi, kicheko, kimya kwa vipande vya sehemu ya kumi ya sekunde, sauti ikivutwa anaweka nukta mbili, wawili wakiongea kwa pamoja anaweka mabano ya mraba kuonyesha hasa silabi gani mmoja kamuingilia mwenzie. Alama zake ndo zinatumika mpaka leo na watu wa fani ya kuchambua maongezi. Mwaka 1974 Sacks, Jefferson na mwenzao Emanuel Schegloff wakatoa makala kwenye jarida la Language, na walichokionyesha ukikitaja kinaonekana kama kitu kila mtu anakijua: kwamba maongezi ambayo hakuna mwenyekiti wala kengele, yana foleni. Mara nyingi anaongea mmoja kwa wakati, kugongana kupo ila ni kwa muda mfupi, na nani afuate inapangwa hapo hapo, zamu moja moja, na waongeaji wenyewe. Nenda kijiwe chochote cha kahawa ukasikilize, wazee sita wanabishana Simba na Yanga, unaona fujo, rekodi halafu punguza spidi, utashangaa foleni ilivyonyooka kuliko ya mwendokasi.

Ukisoma hiyo ndo unamuelewa jirani. "Enhe" haichukui zamu, inairudisha, ni kama kumwambia mtu zamu bado yako endelea nakufuata. "Mh!" ni kazi nyingine kabisa, ni kupima uzito, kwamba hapo pamenishtua. Na Kiswahili hizi tunazo kibao na haziingiliani hata kidogo, eeh ni ndiyo, e-e ni hapana, enhe ni endelea, ehee ni hapo sasa umefika, aah inategemea umeivuta vipi, na mtoto wa miaka mitatu anazijua zote wakati mgeni anayejifunza kwa kitabu anakaa mwaka wa pili bado akisikia "mh" anadhani amekubaliwa. Jaribu siku moja usimuitikie mtu anayekusimulia kitu kwenye simu. Usiseme enhe, usigune, nyamaza tu. Hazipiti sekunde kumi utasikia "Hallo? Upo?"

Na nanihii jamani, mi nanihii naitetea mpaka kesho. Neno lisilo na maana yoyote halafu linafanya kazi ya maneno yote, linakaa mahali pa mtu, pa kitu, linavaa mpaka viambishi, "ashainanihii ile" na mwenzio anaelewa chungu kimeshaepuliwa. Mwalimu wa insha angeikata kwa kalamu nyekundu aseme mwandishi hajui anachotaka kusema. Sawa, kwenye insha ni kweli, muda wa kutafuta neno upo, futa andika tena. Kwenye maongezi muda haupo, kwa hiyo unaweka nanihii kama mkono ulionyooshwa, na mwenzio anakuwekea neno kwenye kiganja. Wa pale kwenye mkaa. Eeh huyo huyo.

Muda haupo kiasi gani? Hapa kuna takwimu naipenda. Mwaka 2009 watafiti walipima lugha kumi kutoka mabara tofauti, ikiwemo moja ya Namibia (Kiswahili hakikuwamo, sijui walituonaje), wakaangalia mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana anachukua muda gani kujibu. Wastani wa jumla ni kama milisekunde 200, sekunde moja ukiikata vipande vitano uchukue kimoja. Wajapani ndo wa haraka zaidi, karibu hakuna pengo, Wadenmaki wa polepole na hata wao hawajafika nusu sekunde. Wakati huo huo majaribio mengine yanaonyesha kumuonyesha mtu picha ya paka mpaka atamke paka inamchukua kama milisekunde 600. Piga hesabu mwenyewe. Maana yake anayekujibu alishaanza kuandaa jibu wewe hujamaliza swali, anakusikiliza huku anakisia utaishia wapi. Kwa hiyo wale wamama kuitamka elfu kumi na tano kwa pamoja ni kitu tunachofanya wote kila siku, wao wameifikisha tu mpaka mwisho.

Na kwa kuwa pengo la kawaida ni dogo hivyo, pengo lolote lililozidi linaongea. Mpigie rafiki yako mwambie "oya una elfu ishirini hapo ntakurudishia ijumaa", akijibu hapo hapo anayo, akikaa kimya kidogo tu, hata sekunde moja haijaisha, we mwenyewe unaanza kujirudisha, "au hata kumi tu, kama haupo vizuri sio mbaya lakini". Hajasema hapana. Mmesaidiana kuikwepa hapana, na kesho mnakutana mnacheka.

Haya sasa hiyo hiyo itume kwa meseji. Umeandika saa nne asubuhi, tiki mbili, zimegeuka bluu saa nne na dakika tano, jibu linakuja saa nane: "Sawa." Na nukta. We una masaa manne ya kimya ya kuyatafsiri na hujui kama bando liliisha, kama alikuwa kwa bosi, au ndo kakukaushia. Mwili wako umezoea milisekunde 200, masaa manne unayasoma kwa mizani ile ile, ndo maana watu wanagombana kwenye magrupu ya familia kwa vitu ambavyo wangekaa kibarazani visingewachukua dakika. Mi sikubaliani na wanaosema vijana wanaharibu Kiswahili kwa kuchati. Angalia wanachoandika: "kaleeeee", "mmmh", "jamaniii", "we acha tu 😂😂". Hao ni watu wanaojaribu kurudisha vifaa vya maongezi kwenye sehemu ambayo haina vifaa. Zile e tano za kaleeeee ni sauti iliyopanda na mdomo uliochongoka kuonyesha kule mbali, na huyo kijana anafanya alichofanya Jefferson na nukta mbili zake bila kusoma makala yoyote. Akishindwa kabisa anatuma voisi noti ya dakika nne, ambayo nayo ni mnyama wa ajabu, sauti ya maongezi lakini hamna wa kusema enhe, sikiliza watu wanavyojikuta wanajiitikia wenyewe, "sasa nkafika pale, eeh, nkafika pale".

Ila wanaoijua tofauti hii kuliko walimu wote ni matapeli. Kila Mtanzania mwenye simu ashawahi kupata ile meseji, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hakuna salamu, hakuna jina. Kwa miaka nlikuwa naishangaa, yaani mtu anatuma ujumbe kwa asiyemjua wala hajajitambulisha halafu anapata hela, mpaka siku moja nkalikodolea macho neno la kwanza. Ile. Kwenye maongezi "ile" ni ya vitu ambavyo mimi na wewe tunavijua tayari, huwezi kumwambia mtu ile hela kama hamjawahi kuongelea hela. Kwa hiyo meseji inakukuta katikati ya maongezi ambayo hayajawahi kuwepo, na akili yako yenye tabia ya kumsaidia mwenzio kama yule jirani aliyesema "wa pale kwenye mkaa" inaanza kutafuta, ile hela, ile ipi, aah, si ya kodi, mwenye nyumba huyu kabadili namba. Umemjazia mwenyewe. Tapeli kaacha pengo na we umeliziba kwa wema uliolelewa nao. Angekuwa mbele yako ungesema "hela ipi?" na ingekuwa imeishia hapo, maandishi hayakupi ule mpenyo wa kuuliza hapo hapo, na watu wengi tunaona aibu hata kuuliza.

Kutamka nusu na kumuachia mwenzio nusu ni mchezo wetu wa zamani tu. Mwalimu wa la tatu: "Kwa hiyo mji mkuu wa nchi yetu ni Dodo?" Darasa zima: "MAAA!" Mchungaji anafanya hivyo, shehe anafanya, mwanasiasa akipanda jukwaani ndo usiseme. Mtambaji wa hadithi akisema Paukwa hawezi kusogea mpaka asikie Pakawa, na usingizi wa watoto anaupimia hapo hapo, Pakawa ikianza kufifia anajua wamebaki wawili. Halafu fungua kitabu cha ngano. Paukwa, Pakawa, zote zimechapwa kwenye mstari mmoja, mwandishi kajiita na kujiitikia. Mi kila nikiiona hiyo nasikia upweke kidogo.

Kuna watu watasema sasa we unataka tuandike kama tunavyoongea. Hapana bwana. Kiswahili sanifu kilivyoundiwa kamati yake mwaka 1930, wakichukua Kiunguja kama msingi, lengo kubwa lilikuwa vitabu, mtoto wa Kigoma na wa Lamu wasome kitu kimoja, na kwa hiyo kazi nakikubali, msomaji wa Kigoma hayupo mbele yako akuulize nanihii ndo nani. Maandishi lazima yabebe kila kitu yenyewe, ndo ukubwa wake. Shida ni pale kitu kilichosemwa na wawili kinapoandikwa kama kimesemwa na mmoja, halafu karatasi ndo inageuka ukweli.

Mahakamani hiyo imeandikwa mpaka kwenye sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema ushahidi kwa kawaida usiandikwe kwa mtindo wa swali na jibu bali kama simulizi, ingawa hakimu akiona inafaa anaweza kuandika swali fulani na jibu lake kama yalivyo. Naelewa kwa nini, hakimu mara nyingi anaandika kwa mkono, angeandika kila "eti" wangekuwa na kesi moja kwa mwaka. Ila fikiria shahidi anaulizwa na wakili, "kwa hiyo wewe pale uliposimama, taa ikiwaka, ulimuona mshtakiwa, siyo?" akajibu "Eeh." Herufi tatu. Kwenye jalada linaweza kuingia kama maneno yake, kwamba nilikuwa nimesimama sehemu fulani, taa ilikuwa inawaka, nilimuona mshtakiwa. Maneno kumi ya wakili yamehamia mdomoni kwa shahidi. Na kwa miaka mingi kumbukumbu hizo, ukitoa Mahakama za Mwanzo ambazo zenyewe ni Kiswahili tangu zamani, zilikuwa zinaandikwa Kiingereza wakati shahidi kaongea Kiswahili, mpaka sheria iliporekebishwa 2021 Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya mahakama. Sasa lugha imerudi, safi sana, lakini ile "eeh" bado inaweza kurefushwa kwa Kiswahili vile vile. Na "eeh" ya namna ipi? Ya kukubali, ya "nakusikia endelea", au ya mtu aliyechoka kusimama tangu saa tatu? Jefferson angeivuta kwa nukta mbili na kupima kimya kilichotangulia.

Faili langu bado liko hapa. Nlijaribu kumfanyia alichotaka, nikamtoa jirani, nikakuta mama anasema sentensi zinaning'inia hewani, "mbele ya nanihii baba nani huyu wa", halafu ghafla "huyo huyo", huyo huyo nani sasa? Ili yasimame peke yake ilibidi nianze kumtungia maneno, na hapo nkaacha. Nimemrudishia matoleo mawili, lililosafishwa na lenye watu, nkamwandikia chagua, ila kwenye lile la pili nimeongeza mabano ya mraba kwenye elfu kumi na tano aone walivyogonga pamoja. Kajibu juzi usiku. "Mh."

Nimekaa nayo siku ya pili sasa, sijui kaivuta au kaikata.